Juice Leskinen, Malenga wa Roki wa Ufini

Miaka ya 1970 ilipoanza, kijana wa Ufini aliyetaka kuimba roki alizikuta njia mbili zilizokwisha kukanyagwa: ama aimbe kwa Kiingereza, kama walivyokuja kufanya Hurriganes wa Helsinki, ambao sahani yao ya santuri iitwayo Roadrunner, ya mwaka 1974, ilinunuliwa kwa wingi sana, ama autwae wimbo wa wageni aufasiri, kama alivyofanya Hector mwaka 1965 alipouimba kwa Kifini wimbo wa Buffy Sainte-Marie wa kulaani vita. Kutunga kwa Kifini tangu neno la kwanza, kwa fikra na utani wa Kifini wenyewe, wachache walikuwa wamethubutu. Na miongoni mwa wachache hao hakuna, kwa rai yangu, aliyefika mbali kuliko Juice Leskinen.

Alizaliwa tarehe 19 Februari 1950 huko Juankoski, mji mdogo wa jimbo la Savo uliokulia ubavuni mwa kiwanda cha chuma cha karne ya 18. Watu wa Savo wana sifa nchini mwao ya kusema kwa mzunguko na mafumbo, hata husemwa kwamba Msavo akinena, dhima ya kumfahamu humwangukia msikilizaji. Na mwenye kusikiliza tungo za Leskinen hakawii kutambua amelelewa wapi. Kutoka huko alikwenda Tampere kusomea lugha na tafsiri, elimu ambayo haikupotea hata chembe, maana maisha yake yote aliyashika maneno kama sonara anavyoishika dhahabu.

Tampere ni mji wa viwanda, uliojengwa baina ya maziwa mawili ambayo moja limelizidi jingine kwa kimo cha mita 18 hivi, na maji yanayoporomoka katikati ndiyo yaliyoendesha mitambo ya kiwanda cha pamba cha Finlayson, kilichoanzishwa mwaka 1820. Kwa ajili ya moshi na vitambaa vyake wenyeji waliufananisha na Manchester ya Uingereza, wakauita Manse kwa kulifupisha jina hilo. Na muziki uliotoka humo, wa Leskinen na wenzake, ukaja kuitwa Manserock. Hapo alikutana na Mikko Alatalo, ambaye baadaye alipata umashuhuri wake mwenyewe na hata kuwa mbunge, wakaunda kundi la Coitus Int, na mwaka 1973 sahani yao ya kwanza ikatolewa na Love Records.

Kampuni hiyo haikuwa ya matajiri. Waliianzisha mwaka 1966 Otto Donner, Christian Schwindt na Atte Blom, watu wa muziki wenyewe, wakarekodi jazi, nyimbo za siasa za mrengo wa kushoto na roki, mambo ambayo kampuni kubwa aghalabu hazikuyatilia maanani katika nchi yenye watu wasiozidi milioni 5. Bila ya mlango huo sijui mtunzi wa namna ya Leskinen, mwenye ulimi usiochagua wa kumstahi, angepokewa na nani.

Ama taabu ya kuimba roki kwa Kifini, msomaji aliyezoea vina na mizani ataielewa upesi. Lugha hiyo huutia mkazo katika silabi ya kwanza ya neno, tena maneno yake ni marefu, kwa kuwa viambishi vyake hujipanga mwishoni. Ilhali mahadhi ya roki yalizaliwa pamoja na Kiingereza, ambacho maneno yake mengi ni ya silabi moja, na kwa hiyo mstari wake hupenda kumalizikia kwenye pigo zito. Mwimbaji wa Kifini akifika hapo, ngoma inamdai silabi nzito naye amebakiwa na dhaifu mdomoni. Waimbaji wa kale, ambao tungo zao Elias Lönnrot alizikusanya na kuzitoa mwaka 1835 kwa jina la Kalevala, hawakuijua dhiki hiyo, maana hawakulazimika kuwa na vina vya mwisho. Waliifungamanisha mistari kwa sauti za mwanzo wa maneno zinazoitikiana. Leskinen alichukua vyote viwili, vina vya mwisho na mwitikio wa kale, akaongeza maneno yenye maana mbili, na palipobidi akaingiza lugha ya barabarani ambayo hukata miisho ya maneno, hata Kifini kikaenda sambamba na gitaa bila kulazimishwa.

Wala hakuridhika na gitaa peke yake. Mwaka 1975 alichapisha diwani iitwayo Sonetteja laumalle, na baadaye akaandika vitabu vingine na michezo ya kuigiza. Love Records ilianguka kwa madeni mwaka 1979, ikaacha pengo kubwa. Lakini mwaka uliofuata Leskinen, akiwa na kundi la Slam, alitoa Viidestoista yö, wimbo wa taratibu ambao Wafini wa marika yote wanauimba hadi leo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 alitunga wimbo juu ya Estonia, jirani wa ng'ambo ya ghuba aliyekuwa bado chini ya Umoja wa Kisovieti, jambo ambalo wengi katika Ufini ya wakati ule waliona ni salama kulinyamazia.

Alifariki Tampere tarehe 24 Novemba 2006, baada ya maradhi ya muda mrefu, akiwa na umri wa miaka 56, akazikwa katika makaburi ya Kalevankangas. Mwaka 2018 ilitolewa filamu ya maisha yake, iliyoongozwa na Teppo Airaksinen. Nami mwenye kutaka kumjua ningemsihi aanzie kwenye sahani ile ya 1973, kisha asikilize Viidestoista yö; hata asiyefahamu Kifini atayasikia maneno yakiangukia mahali pake.