Kompyuta moja, darasa zima: mwalimu wa Keriko alivyowaandaa wanafunzi wake

Kila tunapofungua simu kwa wasikilizaji kuzungumzia elimu, swali moja halikosi: mtoto anayesoma shule ya kijijini, ambako mtandao ni wa kubahatisha, atashindana vipi na mwenzake wa mjini? Ni swali la haki, kwa sababu mtihani wa taifa ni mmoja na kazi watakazozitafuta baadaye ni zilezile. Leo tunalijibu kwa kuangalia shule moja nchini Kenya.

Stadi za kisasa ni zipi?

Wengi wetu tukisikia "stadi za kisasa" tunafikiria kompyuta tu. Mtaala wa umilisi wa Kenya, unaojulikana kama CBC, unataja umilisi wa msingi saba: mawasiliano na ushirikiano, kufikiri kwa kina na kutatua matatizo, ubunifu, uraia, ujuzi wa kidijitali, kujifunza namna ya kujifunza, na kujiamini. Katika hizo saba, inayohusu mashine moja kwa moja ni moja. Sita zilizobaki zinamtegemea zaidi mwalimu na jinsi anavyoliendesha darasa lake.

Hali ya Keriko

Shule ya sekondari ya kutwa ya Keriko iko katika kijiji cha Pwani, eneo la Njoro, Kaunti ya Nakuru. Msidhani ni Pwani ya Mombasa. Hii iko Bonde la Ufa, na ukame na njaa si mambo mageni huko. Peter Tabichi, mtawa wa shirika la Wafransisko, alifundisha hapo hisabati na fizikia. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu, intaneti yake ilikuwa dhaifu, na kila mwalimu alikuwa na wanafunzi 58. Wanafunzi wengi walitoka familia maskini, na karibu thuluthi moja walikuwa yatima au wenye mzazi mmoja. Wapo waliotembea kilomita saba kufika shuleni, kwa barabara isiyopitika wakati wa masika.

Alifanyaje?

Kwanza, hakungoja mtandao umfikie shuleni. Alikwenda kwenye maduka ya kulipia intaneti, akapakua masomo na kuyahifadhi, kisha akayatumia darasani bila mtandao. Kwa njia hiyo aliweza kutumia teknolojia katika sehemu kubwa ya vipindi vyake.

Pili, aliipanua klabu ya sayansi, wanafunzi wakawa wanabuni vitu wenyewe. Katika maonyesho ya sayansi na uhandisi ya Kenya ya mwaka 2018, walionyesha kifaa cha kuwawezesha watu wasioona na wasiosikia kupima vitu. Wengine walitumia mimea ya huko huko kwao kuzalisha umeme. Timu ya hisabati ilifuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya mwaka 2019 huko Arizona, Marekani.

Tatu, aliwafuata waliobaki nyuma. Yeye na wenzake waliwafundisha mmoja mmoja nje ya vipindi na mwishoni mwa juma, na aliwatembelea wanafunzi majumbani kujua shida zao.

Matokeo

Mwaka 2017, wanafunzi 16 kati ya 59 waliendelea na masomo ya juu. Mwaka 2018 walifika 26 waliokwenda vyuo na vyuo vikuu. Machi 2019, huko Dubai, Tabichi alitunukiwa Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, yenye thamani ya dola milioni 1 za Marekani.

Hapa lazima tuseme jambo moja. Tabichi alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia wanafunzi na watu wa kijiji. Ni moyo wa kusifiwa, lakini hatuwezi kumdai kila mwalimu afanye hivyo, hasa mwenye familia ya kulisha. Wajibu wa kuweka umeme, vifaa na walimu wa kutosha unabaki kwa serikali, na wananchi wana haki ya kuuliza.

Nasi tufanye nini?

Wakati tunauliza, yapo yanayowezekana sasa. Mwalimu mwenye simu anaweza kupakua video au vitabu akiwa mahali penye mtandao, akavihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu na kuvitumia darasani. Kadi hiyo hiyo inaweza kupita kwa walimu wenzake bila kutumia bando jingine. Kama simu ni moja, wanafunzi watazame kwa makundi madogo, kila kundi likiwa na swali la kujibu. Wakitazama tu, watakumbuka picha na kusahau somo.

Mzazi naye, kwenye mkutano wa shule, auliza mambo matatu: vifaa vilivyopo vinatumika au vimefungiwa stoo? Mtoto wangu anapata nafasi ya kuvishika? Shule ina klabu ya sayansi? Na mtoto akirudi nyumbani, badala ya kumuuliza amepata ngapi tu, mwambie akueleze alichokitengeneza au alichokigundua. Akiweza kukieleza hadi bibi yake akaelewa, basi amejifunza.