Robota la Nguo Lililokwenda Bagamoyo

Sisi Walutheri hatukulelewa katika hija. Mwaka 1520 Martin Luther aliwaandikia wakuu wa Ujerumani akitaka safari za kwenda kuhiji Roma zikomeshwe. Alimwona mtu akimaliza fedha njiani huku mke, watoto au jirani yake wakibaki katika dhiki, ilhali Mungu hakumwagiza kwenda. Kwa hiyo vijana wa usharika wetu hapa Kizota walipoomba tutembee hadi Bagamoyo kwa vipande, kipande kimoja kila likizo, baadhi ya wazee walikunja uso. Tukaomba muda, tukarudi kwenye historia ya njia yenyewe.

Kabla reli haijafika Dodoma mwaka 1910, misafara kati ya Tabora na pwani ilipita Ugogo kwa vituo, kutoka maji hadi maji, ikilipa hongo kwa watemi. Ukielekea mashariki, kabla ya Mpwapwa, kulikuwa na Marenga Mkali, nyika isiyo na maji. Hapo wapagazi waliterekeza: waliondoka mchana, wakalala porini na kiu, wakafika kwenye maji kesho yake. Pembe za ndovu zilipita njia hiyo, na watumwa pia.

David Livingstone alifariki kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, Mei 1873. Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, na Jacob Wainwright akasoma ibada ya maziko. Kisha wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba. Halima, mpishi wake, alikuwa pamoja nao, ingawa wasimuliaji wengi humsahau. Tabora walimkuta Cameron, ofisa Mwingereza, naye akashauri wazike pale pale. Wakakataa. Walipofika Kasekera wenyeji hawakutaka maiti ipite kwao. Basi wakafunga mzigo wa uongo, wakaurudisha nyuma kana kwamba unakwenda kuzikwa, na mwili wenyewe wakaufunga upya ufanane na robota la nguo. Hivyo ndivyo ulivyofika Bagamoyo Februari 1874, ukalazwa kwa wamisionari wa Roho Mtakatifu.

Chuma aliwahi kuokolewa utumwani, mwaka 1861. Susi, mmoja wa viongozi wa msafara, hakuwa amebatizwa. Alibatizwa mwaka 1886. Livingstone alipozikwa London, 18 Aprili 1874, Wainwright alikuwepo. Susi na Chuma walifika Uingereza maziko yakiwa yamekwisha pita. Hilo hutuuma kila tunaposoma habari hii.

Je, Luther angewakemea? Hatudhani. Alilolikataa ni safari inayomwacha jirani nyuma ili msafiri ajipatie stahili mbele za Mungu. Hawa walimbeba jirani yao mgongoni kwa muda wa miezi tisa, na hakuna aliyewaahidi msamaha wa dhambi kwa kufanya hivyo.

Tuliyasoma haya mbele ya baraza la wazee. Mzee aliyekuwa amekunja uso kuliko wote aliuliza swali moja: "Sasa ninyi mtabeba nini?" Vijana walinyamaza. Juma lililofuata walirudi na jibu. Kipande cha kwanza kitakuwa Kizota hadi Ihumwa, baada ya mavuno, na kila mmoja atabeba nafaka kwa ajili ya kaya ambayo shamba lake halikuvuna. Mzee akauliza tena kama kutakuwa na mzigo mwepesi wa kumfaa mtu wa umri wake.