Kuchora hadharani: barabara ilikuwa mwamuzi wa kwanza

Katika tamasha za sanaa, shindano la kuchora hadharani linafanyika hivi: kila mshindani anapewa kitambaa na rangi, anapangiwa saa za kumaliza, kisha anachora inje, mbele ya watu wote. Watoto wanamzunguka. Wamama wanaotoka sokoni wanasimama na kusema: mkono ule ni mrefu mno. Jioni waamuzi wanatoa zawadi. Wengi wanafikiri kwamba desturi hiyo ililetwa na wageni. Lakini wachoraji wa Kongo walizoea zamani kuhukumiwa na wapita njia.

Mwaka wa 1926, huko Bukama katika Katanga, Albert Lubaki, mchonga pembe za tembo, alikuwa akichora kwenye kuta za nyumba. Mtumishi mmoja wa serikali ya Wabelgiji, Georges Thiry, aliziona picha zile, akampa karatasi na rangi za maji. Antoinette, bibi ya Lubaki, naye alichora. Karatasi zilifika Brussels na kuonyeshwa huko mwaka wa 1929. Kuta za Bukama hazingeweza kusafiri, na udongo haudumu.

Mwaka wa 1946, mjini Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya wachoraji iliyojulikana kwa jina la Hangar. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijaza picha zake ndege, samaki na nyoka. Kazi hizo zilipendwa, lakini wanunuzi walikuwa hasa Wazungu.

Katika miaka ya 1970 picha ziliingia nyumbani mwa raia. Katika miji ya Katanga, Tshibumba Kanda Matulu alichora juu ya magunia ya unga, akauza nyumba kwa nyumba. Alichora Lumumba, alichora pia mfungwa anayepigwa fimbo wakati wa Wabelgiji. Baba wa nyumba alitundika picha sebuleni, mgeni akauliza, mazungumzo yakaanza. Watu waliita picha za namna hiyo «ukumbusho». Mwaka wa 1973 na 1974 Tshibumba alichora picha karibu 100 za historia ya inchi, akazieleza kwa Kiswahili mbele ya mwalimu Johannes Fabian, aliyenasa sauti yake. Alijiita mwanahistoria. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 hakuonekana tena, lakini maelezo yake yamebaki.

Kinshasa nako, Chéri Samba alifungua karakana yake mwaka wa 1975, akatundika picha inje, kando ya barabara. Alipoona watu wanapita haraka, aliongeza maneno ndani ya picha, ili msomaji asimame kidogo. Mwaka wa 1978 yeye, Moke na Bodo walishiriki maonyesho ya «Art partout» mjini humo. Mwaka wa 1989 picha zake zilionyeshwa Paris. Lakini watu wa barabarani walikuwa wamekwisha kumjua.

Kwa familia zilizokimbia vita, historia hiyo ina maana. Anayekimbia anabeba godoro, sufuria na mtoto. Nyumba na foto za ukutani zinabaki nyuma. Kijana anapochora kijiji chake katika shindano, mzee aliye karibu anaweza kumsahihisha: muembe ule ulikuwa ngambo ya kisima. Mtoto aliyezaliwa kambini anasikia, na kijiji kinapata sura kwake.

Zawadi itakwenda kwa mmoja. Kila mshindani, hata asiyeshinda, anaweza kuandika nyuma ya picha yake jina, mwaka na mahali, kisha kuieleza kwa Kiswahili mbele ya simu inayonasa sauti, kama Tshibumba alivyofanya. Picha ikipotea tena njiani, maelezo yatabaki.