Mkaa wa Ford

Mkaa ulioshindiliwa, uliotengenezwa na kampuni ya magari ya Henry Ford huko Iron Mountain, jimbo la Michigan, Marekani, kuanzia miaka ya 1920. Gari la Model T lilikula mbao nyingi, na viwanda vya kupasulia mbao viliacha malundo ya mabaki. Ford hakuvumilia kuona kitu kikitupwa. Mabaki hayo yalipashwa moto bila hewa, mkaa wake ukasagwa, ukachanganywa na wanga na kushindiliwa kuwa vipande vidogo vyenye umbo la mto wa kulalia. Uliuzwa na mawakala walewale wa magari, kwa ajili ya kuchomea nyama. Mwaka 1951 biashara hiyo iliuzwa, na mkaa ukapewa jina la Kingsford, kwa heshima ya Edward Kingsford, jamaa ya Ford aliyemsaidia kupata msitu. Bado unauzwa kwa jina hilo.