Skeli ya toni kamili kwenye ukulele

Skeli ya toni kamili ina noti sita zinazopishana kwa toni moja moja, bila nusu toni hata mahali pamoja: C, D, E, F♯, G♯, A♯. Ukulele, ala ya nyuzi nne iliyozaliwa Hawaii baada ya wahamiaji wa Madeira kutua Honolulu mwaka 1879, huipokea vizuri. Nyuzi zikikazwa G, C, E na A, uzi wa C hupigwa wazi, kisha freti ya 2. Wa E wazi, ya 2 na ya 4. Wa A ya 1, halafu ya 3 inayofikia C ya juu. G♯ ipo pia freti ya 1 ya uzi wa G, ambao kwa desturi hulia juu kuliko ule wa C na kuwachanganya wapiga gitaa.

Vidole si tatizo. Sikio ndilo huhangaika, kwani hatua zikiwa sawa hakuna noti inayosikika kama kituo. Ila kuna nafuu: skeli za namna hii ni mbili tu, na umbo lolote likisogezwa freti mbili hubaki ndani ya noti zilezile. Claude Debussy aliijengea karibu kipande kizima cha piano, Voiles, mwaka 1909.