Bei ya kutupa, lakini nani alitupa?

Wasee, kuna hadithi moja ambayo sisi wote tunaipenda. Mtu anapita sokoni, anaona kitu cha zamani kimejaa vumbi, ananunua kwa pesa ya chai, halafu baadaye anaambiwa ameshika mali. Mwaka 2020 kule Connecticut, Marekani, mtu alinunua bakuli dogo lenye maua ya buluu kwa dola 35, nje ya nyumba ya watu waliokuwa wanauza vitu vyao. Wataalamu walipoliangalia wakakuta ni kauri ya China ya karne ya 15, enzi ya Ming. Machi 2021 likapigwa mnada New York kwa zaidi ya dola 720,000. Ukisoma hiyo, enyewe unataka kukimbia Gikomba saa hii hii.

Mimi sina shida na huyo mtu wa bakuli. Mwenye kuuza alitaka kuuza, na mnunuzi alikuwa na jicho. Shida yangu ni kwamba tumeichukua hadithi hiyo tukaibandika kwenye kila kitu cha zamani. Tunasema "nimekipata kwa bei ya kutupa" na watu wanatupigia makofi. Hakuna anayeuliza: ni nani alitupa?

Ebu twende Kilifi.

Wamijikenda, hasa Wagiriama, walikuwa na chama cha wazee wenye heshima kinachoitwa gohu. Mwanachama akifa, familia inaweza kumchongea kigango. Ni nguzo ya mti mgumu, ndefu na bapa, yenye kichwa juu na michoro ya pembetatu mwilini. Usidhani ni pambo. Kigango kinamsimamia yule mzee mwenyewe. Roho yake inakaa pale, inapewa heshima yake, na inalinda boma. Kikishasimamishwa, hakitolewi. Hata familia ikihama kutafuta shamba lingine, kigango kinabaki pale pale kilipo.

Sasa shika hapo, kwa sababu hapo ndipo biashara ilipoingilia.

Kuanzia miaka ya 70 na 80, watalii waliokuja Pwani walianza kuvipenda vigango. Vijana wakaona pesa. Kigango kinang'olewa usiku, kinafika duka la vinyago Mombasa au Malindi, mgeni anakinunua kwa pesa ambayo kwake ni kama ya kahawa. Kikivuka bahari, kinaitwa sanaa ya Afrika na bei inapanda hadi maelfu ya dola. Waliovinunua walikuwa ni pamoja na watu wa sinema wa Hollywood, na baadaye vingi vikaishia kwenye makumbusho za Marekani kama zawadi. Watafiti walipovihesabu mwanzoni mwa miaka ya 2000, walikuta karibu vigango 300 kwenye makumbusho 19 za nchi hiyo.

Na wauzaji walikuwa na jibu tayari. Walisema vigango hivyo vilikuwa vimeachwa. Familia ilishahama, hakuna mtu anayevijali, kwa hivyo havina mwenyewe.

Manze, fikiria hiyo hoja vizuri. Wewe unaishi Umoja ama Roysambu. Kaburi la babu yako liko shags. Mara ya mwisho kwenda ilikuwa Desemba, labda Desemba ya mwaka juzi. Je, umelitupa? Mtu akienda kulichimba achukue msalaba, atasema aliukuta umeachwa? Kuacha kitu mahali pake na kukitupa ni mambo mawili tofauti kabisa. Lakini ni katika huo mwanya mdogo kati ya "kimeachwa" na "kimetupwa" ambapo bei rahisi huzaliwa.

Kuna mzee mmoja ambaye jina lake limo kwenye historia hii. Anaitwa Kalume Mwakiru. Aliwasimamishia vigango ndugu zake wawili waliofariki. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Mmarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha akiwa amesimama kando ya vigango hivyo. Muda mfupi baadaye viliibwa vyote viwili. Mzee Kalume alivitafuta hadi akafa bila kuviona. Familia yake ilisema tangu siku hiyo mikosi haikuisha: ukame, magonjwa, vifo.

Mwaka 1999, Udvardy yuko kwenye mkutano wa wasomi Marekani, mwenzake anaonyesha picha za vigango vilivyo makumbusho. Anaangalia ukutani na kukitambua kimoja. Kilikuwa jimbo la Illinois. Cha pili kikapatikana Hampton University, Virginia. Akishirikiana na John Baya Mitsanze wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, walifuatilia jambo hilo kwa miaka, na hatimaye vigango vya familia ya Mwakiru vikarudishwa Kenya. Mwaka 2007 familia ikafanya sherehe ya kumpokea ndugu yao nyumbani. Zaidi ya miaka 20 imepita, na mzee aliyevisimamisha hayupo.

Unajua ni nini kilichowarudisha? Picha moja. Basi. Bila ile picha ya 1985, hakuna mtu angeweza kusimama mbele ya makumbusho na kusema huyu ni wa kwetu. Makumbusho ya Denver ilikubali kurudisha vigango 30, jambo zuri sana, lakini vigango vingi vilivyoko nje havina rekodi yoyote ya boma vilipotoka. Kikirudi, kinarudi Kenya. Nyumbani kwake ni wapi, nani ajue?

Na msifikirie haya ni mambo ya Pwani na wazungu peke yake. Susu yangu kule Ukambani alikuwa na kigoda cha wazee, kile chenye waya mwembamba wa shaba uliopachikwa kwenye mti kwa michoro. Kilikuwa cha baba yake babu. Siku moja akapita broka na pikipiki, wale wa kununua "vitu vya zamani", akampa soo tano. Susu alichukua kwa sababu wiki hiyo alihitaji nauli ya kwenda hospitali. Nimewahi kuona kigoda cha aina hiyo hiyo hapa Nairobi, kimepakwa mafuta, bei imeandikwa kwa dola. Yule broka hakuiba. Alilipa, na susu akakubali. Lakini mtu akiuza kwa sababu ya nauli, usiniambie hiyo ndiyo bei ya kigoda. Hiyo ni bei ya shida yake.

Sheria tunayo. Ile ya makumbusho na urithi ya 2006 inasema kitu chochote kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, kikiwa si kitabu wala hati, ni cha kale. Milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1946, kama zile za Lamu na Mji wa Kale wa Mombasa, zinalindwa kwa jina. Huwezi kuvitoa nchini bila kibali. Lakini sheria hailali kwenye boma la susu yako. Broka anafika kabla ya sheria.

Kwa hivyo sisi tunaopenda vitu vya zamani, na tunaovirekodi video, tukubaliane jambo moja. Ukikipata, kabla ya kupatana bei, uliza: kimetoka kwa nani? Nani alikubali kitoke? Alikuwa anajua thamani yake? Muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka. Na ukishuku ni kigango ama mlango wa zamani, wapigie watu wa makumbusho kabla hujawaambia wafuasi wako.

Halafu, ukienda shags, usingoje mtu aibe ndiyo uanze kutafuta. Kigoda, kibuyu, fimbo ya babu, chungu cha kwanza cha mama, vipige picha. Mwenyewe awe kwenye picha, amekishika. Uliza kilitoka kwa nani na uandike jina. Simu unayo mkononi sasa hivi, na hiyo kazi haikugharimu hata bando. Kwa familia ya Mwakiru, picha ya namna hiyo ndiyo iliyowaleta watu wao nyumbani.