Kazi Ilipoisha, Wakapewa Mpira

Tarehe 22 Agosti 1995, ofisi ya hataza ya Marekani iliwapa wanaume wawili, Kevin Amiss na Martin Abbott, hataza nambari 5,443,036. Hataza, kama hujakutana na hilo neno, ni haki ambayo serikali humpa mvumbuzi ili mtu mwingine asije akachukua wazo lake na kulifanyia biashara. Watu huiomba kwa ajili ya injini, dawa, mashine za kushona. Hawa wawili waliiomba kwa ajili ya njia ya kumfanyisha paka mazoezi. Njia yenyewe ni hii: unashika leza ndogo mkononi, unamulika sakafuni au ukutani, unausogeza ule mwanga, paka anaukimbiza. Ni hiyo tu.

Nilipoisoma nilicheka kwanza. Halafu nikairudia polepole, manake katikati ya ile lugha ya mawakili kuna maelezo fulani yanayohuzunisha kidogo. Wavumbuzi wanasema paka si mnyama wa kufanya mazoezi kwa hiari yake, kwa hivyo mzigo wa kumtafutia kitu cha kumvutia unamwangukia mwenye paka. Hebu tulia hapo. Tunazungumza juu ya paka, mtu wa ukoo mmoja na simba na chui. Nenda sokoni Kongowea ama vichochoro vya Lamu umuulize paka wa huko kama anahitaji mtu wa kumkimbiza. Ana ratiba yake tayari: panya, utumbo wa samaki, ugomvi na paka wa mtaa wa pili.

Sasa ilikuwaje hadi paka akafika mahali pa kuandikiwa mazoezi? Nimeifuata hii historia kwa muda, na kila nikifungua mlango mmoja nakuta jambo lilelile nyuma yake. Vitu vya kuchezea vya wanyama huja pale kazi inapoondoka.

Tuanze na mbwa. Uingereza, kuanzia karne ya 16, kulikuwa na mbwa waliofugwa kwa ajili ya jikoni. Walikuwa na mwili mrefu na miguu mifupi iliyopinda. Daktari mmoja, John Caius, aliandika juu yao katika kitabu chake cha mbwa wa Uingereza, kilichotoka kwa Kiingereza mwaka 1576. Mbwa huyu alitiwa ndani ya gurudumu la mbao lililotundikwa juu ukutani. Akikimbia, gurudumu lilizunguka, na gurudumu likizungusha chuma kilichochomekwa nyama juu ya moto, ili nyama iive pande zote. Wewe unayejua nyama choma inavyochukua muda, fikiria kuikimbilia kwa masaa, harufu yote inakupita puani, na huendi popote.

Karne ya 19 mashine za kuzungusha nyama zikawa rahisi kupatikana, na mbwa wa jikoni hakuwa na mtu wa kumhitaji tena. Aina nzima ikatoweka. Kuna mmoja aliyekaushwa na kujazwa, anaitwa Whiskey, amewekwa ndani ya sanduku la kioo kwenye makumbusho ya Abergavenny, huko Wales. Ukitazama picha yake utaona mgongo mrefu na sura ya mtu aliyezoea zamu ndefu.

Lakini angalia gurudumu. Leo liko ndani ya vizimba vya hamsta na panya weupe duniani kote. Ni dogo, ni la plastiki, na halizungushi nyama wala kitu kingine chochote. Sisemi lile la jikoni ndilo lililolizaa hili la kizimbani. Nasema umbo ni lilelile, na kazi imetolewa ndani yake.

Wanasayansi walibishana miaka mingi kuhusu hilo gurudumu. Je, mnyama anacheza, ama amechanganyikiwa kwa sababu amefungiwa? Mwaka 2014 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Leiden, Johanna Meijer na Yuri Robbers, walichapisha jaribio moja safi sana. Walichukua magurudumu wakayaweka nje, kwenye eneo lenye majani mjini na kwenye vilima vya mchanga, wakatega kamera, wakaenda zao. Panya wa mwituni walikuja wenyewe. Waliingia, wakakimbia, wakatoka, wengine wakarudi kukimbia tena. Hata chakula kilipoondolewa, bado kuna waliokuja. Kamera zilinasa hadi vyura na konokono wasio na gamba wakilisogeza gurudumu. Hakuna aliyefungiwa, hakuna aliyelipwa.

Hapo mimi niliona kitu ambacho wauzaji wa vitu vya wanyama hawakisemi waziwazi. Hamu ya kukimbia haitokani na njaa peke yake. Imo mwilini. Ukimwondolea mnyama kazi hujamwondolea ile hamu. Itatafuta pa kutokea, na kama nyumba yako ina kochi, kochi lijiandae.

Sasa turudi kwa paka. Kwa karne nyingi paka wa mjini alikuwa mfanyakazi wa kushika panya. Alilala ndani akitaka, lakini choo chake kilikuwa nje, na hilo lilitosha kumweka nje sehemu kubwa ya siku. Waliotaka kumfungia ndani walitumia mchanga, jivu au vumbi la mbao, na nyumba ilinuka. Kisha Januari 1947, huko Michigan, kijana aitwaye Edward Lowe aliombwa na jirani yake kitu cha kumwekea paka, kwa sababu mchanga wake ulikuwa umeganda kwa baridi. Lowe alikuwa akiuza udongo mkavu wa kufyonza mafuta kwenye viwanda na gereji. Akampa ule. Jirani akarudi kutaka mwingine. Lowe akaujaza kwenye mifuko, akauandika kwa mkono jina la Kitty Litter, akaanza kuuza.

Ni bidhaa isiyo na sifa yoyote ya kuimbwa, udongo wa choo cha paka. Lakini ilibadilisha maisha yake kabisa. Sasa paka angeweza kuzaliwa, kuzeeka na kufa ndani ya fleti bila kukanyaga nyasi. Alikuwa salama dhidi ya magari na mbwa, sawa. Pia alikuwa amefutwa kazi.

Leza ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California tarehe 16 Mei 1960. Ilikuwa mashine ya maabara, na ingefanya mambo makubwa: upasuaji wa macho, mawasiliano, vita. Amiss na Abbott walipeleka ombi lao la hataza Novemba 1993. Kwa hivyo ilichukua miaka 33 tu mwanga wa maabara kugeuka panya mwekundu wa sebuleni.

Huyo panya mwekundu ana kasoro moja: hashikiki. Paka anapowinda ana hatua zake. Anavizia, anakimbiza, anaruka, anakamata, anauma, anakula. Leza inampa hatua tatu za kwanza halafu inamdhulumu zilizobaki. Mwaka 2021 utafiti uliotegemea majibu ya wenye paka ulionyesha kwamba kadiri watu walivyotumia leza mara nyingi zaidi, ndivyo walivyoripoti zaidi tabia za kurudiarudia kama kukimbiza vivuli na mwanga, au kukodolea macho mwanga na mwakisiko wake. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba leza ndiyo chanzo, na watafiti walisema hivyo. Lakini kwa yeyote aliyewahi kuahidiwa malipo ya mwisho wa mwezi yasiyofika, hisia yenyewe haihitaji maelezo mengi.

Kuna upande mwingine wa historia hii ninaoupenda zaidi, na huo uko karibu na sisi. Vifaa vilivyodumu vilitoka kwenye takataka. Miaka ya 1970, Joe Markham wa Denver alikuwa na mbwa aliyeitwa Fritz, aliyekuwa akitafuna mawe hadi meno yakaanza kuisha. Siku moja Markham alikuwa chini ya gari lake la Volkswagen akilitengeneza, akawa anamtupia Fritz vipande vya gari ili aache mawe. Fritz hakujali, mpaka akatupiwa kipande kigumu cha mpira kutoka kwenye mfumo wa chemichemi. Hicho alikipenda. Kilidunda ovyo, huwezi kujua kitaenda wapi, kama sungura anavyokimbia. Mwaka 1976 Markham alianzisha kampuni ya KONG, na umbo la kile kipande cha gari bado linauzwa. Kisha huko Wisconsin, miaka ya 1980, Jim Boelke aligundua kwamba waya mwembamba wa chuma wenye vipande vya karatasi ngumu nchani unacheza hewani kama mdudu. Akauita Cat Dancer. Waya na karatasi, basi.

Na kwa sababu binadamu ni binadamu, tarehe 26 Machi 2002 Marekani ilitoa hataza nambari 6,360,693 ya kitu cha kuchezea mnyama chenye umbo la tawi la mti. Fimbo, kwa lugha yetu. Baadaye ofisi hiyo hiyo iliipitia tena na kuifuta. Mbwa duniani kote waliendelea kuokota zile za bure.

Waya na mpira uliotupwa: hapa Kenya hiyo ni lugha tunayoijua. Hapa watoto wametengeneza magari ya waya na kusuka juala kwa karatasi za nailoni tangu zamani, hadi karatasi zenyewe zilipopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Lakini juala lilikuwa letu, si la mbwa. Mbwa wa ushago, yule Simba au Bosco, hakununuliwa kitu cha kuchezea na hakuna aliyemwonea huruma kwa hilo. Alikuwa na zamu ya usiku, alifuata ng'ombe hadi mtoni, alikimbiza ngedere shambani. Mchana alilala kama mlinzi yeyote.

Shida ni kwamba sasa tumehamia. Nairobi, Mombasa, Kisumu, Nakuru, watu wanafuga paka kwenye bedsita na mbwa kwenye fleti ambayo landilodi hataki hata nguo zianikwe nje. Ule mwaka wa 1947 wa Michigan umetufikia, umepanda hadi ghorofa ya tano. Na unapoanza kuuliza wapi unaweza kupata kitu cha kuchezea mnyama wako, kuna mtu atakuuliza, na si kwa ubaya: kuna watoto hawana mpira, wewe unamnunulia paka?

Hilo swali naliheshimu. Ni swali la haki kabisa ukiona bei za baadhi ya vitu vinavyoagizwa kutoka nje, manyoya matatu na kijiti kwa pesa ya unga wa wiki. Lakini mimi naona limechanganya mambo mawili. Kinachomfaa mnyama si zawadi, ni fidia. Ulimtoa kwenye kazi yake na mahali pake kwa sababu ulitaka mwenzako wa kukaa naye, na deni hilo halilipwi kwa bei. Linalipwa kwa kujua umemnyang'anya nini. Paka umemnyang'anya mawindo. Mbwa umemnyang'anya mwendo na pua yake, ile safari ya kunusa kila kichaka. Hamsta umemnyang'anya usiku mzima wa kukimbia. Ukishajua hilo, boksi la kiatu lenye mashimo na chakula kidogo ndani linafanya kazi ya kuwinda. Kitambaa kikuukuu kilichokunjwa na kufichwa biskuti za mbwa kinaipa pua kibarua cha nusu saa. Kamba ya kiatu inatosha kabisa, mradi uifungie mbali mkimaliza, kwa sababu paka akiimeza inaweza kumkata matumbo.

Leza nayo haihitaji kutupwa. Ninayo moja, ya mtaani, kwenye ufunguo. Paka wangu ameshaijua sauti ya kitufe chake. Tunacheza dakika kumi jioni, chini ya meza, juu ya kitanda, nyuma ya mtungi wa gesi. Kabla hatujaanza ninakuwa nimeficha omena mmoja karibu na mlango, na mwanga wa mwisho ninaupeleka pale, ninauzima juu ya yule omena. Anaruka, anakamata, anauma, anakula. Halafu anajilamba miguu na kulala.